Tabo ipo chini ya kitanda, mke wangu anadhani ni pampu ya maji

Shikamoo Mjomba,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 32, naishi Dar es Salaam, upande wa Tabata, na kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Nina mke, mwalimu wa shule ya msingi, na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Najua kuna watakaoona jambo langu ni la kitoto, lakini huu mwezi wa pili sasa silali vizuri.

Nina gari, Toyota Mark II, GX110, la mwaka 2002. Lilikuwa la kaka yangu. Kwetu tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi. Gari hilo alilipenda mpaka shemeji akawa analiita mke mwenza. Kila Jumapili asubuhi analiosha mwenyewe, na kitambaa chake cha kufutia dashibodi hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mwaka juzi figo zikamsumbua, akalazwa, hakurudi. Kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini, mama akasema gari achukue mdogo mtu, shemeji akaridhia, ila kwa sharti moja: kila mwezi limpeleke mama kliniki ya presha. Sharti hilo sijawahi kulivunja.

Sasa Mjomba, kaka alikuwa na neno lake. Tukiwa barabarani, gari ikitupita kwa kishindo, anagonga usukani taratibu anasema: "Ngoja tu. Siku moja hii tutaifunga tabo, filimbi yake itasikika mpaka Ubungo." Tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili gari lipate nguvu zaidi. Alilisema mara nyingi kiasi kwamba lilishakuwa utani wetu. Hata wodini alilisema.

Mwezi wa nne nilitoka na washikaji usiku wa Jumamosi, barabara za nje ya mji. Si mtu wa ligi za barabarani mimi, ila siku hiyo nilikanyaga. Subaru Forester moja ikatupita kama tumesimama, na ile sauti ya tabo ikabaki masikioni. Wenzangu wakacheka. Mimi sikujisikia nimepitwa mimi, nilijisikia amepitwa kaka.

Jumatatu yake nikaenda kwa wauza spea za mtumba, nikanunua tabo iliyotoka kwenye Subaru, laki sita. Fundi mmoja ameniambia nimpe milioni tatu na laki nne: atachomelea manifodi ya ekzosi, ataweka intakula ya kupooza hewa, mabomba na kompyuta ndogo ya pembeni ya kudanganya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Siku tatu, gari linatoka. Atatia presha ya nusu bar tu, anasema ni kidogo. Nikamuuliza injini itahimili? Akasema injini ya Toyota hata uipe petroli yenye mchanga inakwenda. Ameshafunga gari mbili. Moja nimeiona inatembea. Ya pili, anasema, mwenyewe aliiuza.

Rafiki yangu mwingine anasema mabomba ya nini, niweke nosi: mtungi wa gesi kwenye buti, kitufe kwenye usukani, nikitaka mbio nabonyeza, nisipotaka gari ni lile lile.

Pesa ninayo, lakini si yangu peke yangu. Mimi na mke wangu tuna nyumba Chanika imefika lenta, na tumeweka milioni tano na laki sita ya kupaua. Ile laki sita ya tabo niliitoa kwenye posho zangu, ya kupaua sijaigusa. Tabo nimeifunga kwenye kiroba, ipo chini ya kitanda. Juzi mke wangu akasema chumba kinanuka oili. Nikamwambia ni pampu ya maji ya mtu, nimemhifadhia. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia uongo wa mchana kweupe.

Nikiacha, naona nimemtupa kaka. Nikifunga na injini ikafa, tarehe ya kliniki nitamwambia nini mama? Niambie Mjomba, nifunge au nisifunge?

Mdogo mtu, Dar es Salaam

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza pole ya kaka. Watu huona mwaka juzi ni zamani, lakini kwa aliyezaliwa wa pili kati ya wawili, si zamani hata kidogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la injini. Mara ya pili nikaona swali la bati. Mara ya tatu nikaona kwamba kiroba kile kina vitu vitatu: kuna tabo, kuna neno la marehemu, na kuna uongo mmoja mdogo uliouingiza mwenyewe wiki hii. Umeniuliza nifunge au nisifunge, kana kwamba vyote vitatu ni kitu kimoja. Mimi ningependa tukitoe kimoja kimoja tukiangalie juani.

Tuanze na chuma, maana ndicho chepesi.

Mimi si fundi. Kwa hiyo barua yako, bila jina, nilimsomea rafiki yangu ambaye amefungua injini za watu zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilipofika pale kwenye petroli yenye mchanga akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanyanyuka, akachukua kwenye rafu kitu anachowekea kalamu zake, akakimimina kalamu na kunipa mkononi. Ilikuwa pistoni. Juu, pembeni kidogo ya katikati, kuna tobo ambalo kidole gumba changu kilipita bila kugusa kingo, na kingo zenyewe zilikuwa laini, zimetiririka kama mshumaa. Akasema: "Huyu naye aliambiwa nusu bar ni kidogo."

Sikukuandikia hilo kukutisha. Nimekuandikia kwa sababu nilimuuliza swali ambalo nadhani wewe hukumuuliza fundi wako: kimetokea nini hasa humu ndani? Akanieleza, nami nakueleza nilivyoelewa.

Injini yako ni 1G-FE, ya ujazo wa sisi 1988, silinda sita, na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 160. Inavuta hewa yenyewe. Kompresheni yake ni 10 kwa 1, yaani pistoni ikipanda, hewa na petroli hubanwa mpaka nafasi yake inakuwa moja ya kumi. Waliobuni injini waliiweka hapo wakijua hewa itaingia kwa presha ya kawaida. Tabo inakuja kuvunja makubaliano hayo. Moshi wa ekzosi unazungusha gurudumu dogo, hilo linazungusha jingine upande wa pili kwa mizunguko inayopita laki moja kwa dakika, na hewa inasukumwa ndani kwa nguvu. Nusu bar maana yake unaingiza hewa mara moja na nusu, halafu unaibana tena kwa kumi ile ile.

Na hewa ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka ukijaza tairi. Tulikaa tukapiga hesabu na rafiki yangu: hewa ya Dar ya nyuzi 32, kwa nusu bar, inatoka kwenye tabo ikiwa inakaribia nyuzi 90. Ndiyo maana ya intakula, kuipooza. Isipopoozwa vya kutosha, sehemu ya petroli hujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini inagonga. Sauti yake ni kama vijiwe vinatikiswa ndani ya kopo, na wakati mwingine huisikii kabisa kwa sababu redio imefunguliwa na wewe unashangilia filimbi. Kila kugonga ni nyundo moja kichwani mwa pistoni.

Jambo la pili ni petroli yenyewe. Gari likitembea taratibu linataka hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo moja. Likiwa limebanwa na tabo linataka petroli zaidi, kama 11.5 au 12 kwa moja, kwa sababu ile ya ziada inasaidia kupooza. Nozeli zako za kiwandani, zile zinazopuliza petroli, zilipimwa kwa farasi 160. Zina kikomo. Zikifika kikomo na hewa inaendelea kuingia, moto unakuwa mkavu na mkali, na hapo ndipo aluminiamu inapotiririka. Ile kompyuta ya pembeni ya "kudanganya" kontrol boksi, mpwa wangu, swali ni inaidanganya imwambie nani? Nozeli haziongezeki ukubwa kwa kudanganywa.

Sasa usinielewe kwamba haiwezekani. Rafiki yangu mwenyewe amesema inawezekana, na zipo injini za namna hiyo zilizofungwa tabo zikadumu. Zinadumu kwa presha ndogo, nozeli kubwa na pampu ya mafuta ya kutosha, plagi za baridi zaidi, kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kilichochomekwa kwenye ekzosi, na mtu mvumilivu wa kuitengenezea ramani ya mafuta hatua kwa hatua. Alichosema hakiwezekani ni siku tatu.

Kuna maswali ambayo fundi wako anaweza kuyajibu vizuri sana, simjui, sina sababu ya kumsema. Muulize nozeli gani ataweka. Muulize oili ya tabo itarudi kwa njia gani kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, maana ile hairudishwi kwa presha, inashuka kwa uzito wake tu, na bomba likipinda vibaya tabo inavuja na gari linatoa moshi wa bluu. Muulize atapimaje mchanganyiko. Na yule mwenye gari ya pili aliyeuza, muulize aliuza kabla au baada ya injini kufunguliwa. Ukiona anajibu kwa kuchora kwenye karatasi, msikilize. Akijibu kwa kucheka, basi na hilo nalo ni jibu.

Halafu kuna tabo yenyewe. Imetoka kwenye Subaru ya mtumba, hujui iliishi vipi. Kabla ya kitu kingine chochote, ifungue kiroba, shika shafti yake kwa vidole viwili, ichezeshe juu na chini, halafu isukume mbele na nyuma. Kuchezacheza kidogo juu na chini ni kawaida, inaelea kwenye oili. Ikiwa mapanga yanagusa ukuta, au shafti inaingia na kutoka, umenunua pambo la laki sita.

Kuhusu nosi nitakwenda haraka. Rafiki yako hajakudanganya: ni gesi inayobeba oksijeni nyingi kuliko hewa, inaingia baridi kabisa, na usipobonyeza gari ni lile lile. Katika hizi njia mbili, hii haikulazimishi kuchomelea kitu. Lakini nguvu yake haiji taratibu, inakuja kama teke, na injini ile ile ya kompresheni 10 ndiyo inayopigwa teke. Ukibonyeza mizunguko ya injini ikiwa chini, au mafuta yasipoongezeka sambamba na gesi, unarudi kwenye ile pistoni ya kuwekea kalamu. Na kuna jambo la jiji letu: gesi hiyo ikipita nyuzi 36 haikai tena kama kimiminika ndani ya mtungi, na presha hupanda kwa kasi. Buti la gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam mchana linapita 36 bila kutoa jasho. Mitungi mizuri ina kisahani kinachopasuka kuokoa mtungi. Mtungi wa kuokoteza, ambao hujui ulipimwa lini, sitaki hata kuufikiria ukiwa nyuma ya kiti alichokalia mama.

Nilikuwa na umri wa ujana wakati Toyota Celica za tabo zilipochukua Safari Rally ya Kenya miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Tulizifuatilia redioni. Jina la dereva wao Waldegård hatukuweza kulitamka, tukawa tunaliita kila mtu anavyojua. Nakwambia hili kwa sababu naijua hamu yako, sikuanza kuzeeka jana. Ila gari zile zilizaliwa na tabo. Hata ndugu za gari lako wapo: kwenye bodi hiyo hiyo ya Mark II, Toyota walitoa yenye 1JZ-GTE, silinda sita, sisi 2500, tabo ya kiwandani, farasi 280 kwenye karatasi. Kompresheni yake waliishusha makusudi mpaka kama 9, na kila kilichoizunguka kikajengwa kikijua tabo ipo. Wapo wanaoamua, badala ya kuifundisha injini ya zamani kazi mpya, kubadilisha injini nzima. Gharama yake ni kubwa kuliko milioni tatu na nusu, giaboksi na breki navyo vinaingia kwenye hesabu, na namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe kisheria. Lakini ni njia, na sikuiona kwenye barua yako. Uliandika kana kwamba zipo mbili tu, tabo au kumtupa kaka.

Njia nyingine ambayo hukuiandika ni kuanzia kwenye injini uliyo nayo. Ina miaka zaidi ya ishirini. Timing belti ilibadilishwa lini? Unajua, au kaka ndiye alikuwa anajua? Kompresheni ya kila silinda imepimwa lini? Rafiki yangu anasema wengi wanaokuja kwake wakitaka tabo, ukiwapimia unakuta injini imeshapoteza nguvu kwa uzee, na wao wamepitwa na Forester siyo kwa kukosa tabo bali kwa plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi na nozeli chafu. Kupima kompresheni ni kazi ya saa moja. Unapata namba sita, moja kwa kila silinda. Zikikaribiana, una injini ya kujadili. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, majadiliano yanabadilika, na tabo ingelikuwa imekuja kumalizia.

Haya, chuma kimetosha.

Ulisema pesa ya kupaua hujaigusa. Nakuamini, na nimeona ulivyoliandika kwa haraka, kama mtu anayeonyesha mikono yake kuwa misafi. Lakini milioni tatu na laki nne itatoka wapi? Hukuandika. Nyumba iliyofika lenta ikinyeshewa vuli haianguki, nyumba nyingi za mjini hapa zimenyeshewa misimu mitatu na bado zimesimama. Kwa hiyo sitakutisha na mvua. Ninachojiuliza ni mke wako akisimama pale Chanika anaona nini. Wewe unaweza kuona kuta. Yeye pengine anaona mwezi wa kuacha kulipa kodi Tabata. Hujui, kwa sababu hujamuuliza, na hujamuuliza kwa sababu kumuuliza kutafungua kiroba.

Hapa ndipo ningependa nikusogelee kidogo. Umeandika kwamba ni mara yako ya kwanza kumwambia uongo. Umemwogopa mke wako, au umeogopa kwamba atakuelewa? Nimeishi na watu wa kutosha kujua kwamba wakati mwingine tunaficha kitu si kwa kuwa tutagombezwa, bali kwa kuwa tutaulizwa "kwa nini?" kwa sauti ya upole, na jibu lake tukilisema tutalia. Mwalimu wa shule ya msingi ameshaulizwa na watoto mambo magumu kuliko tabo. Huenda akakataa kabisa. Huenda akasema nenda kafunge, ila baada ya kupaua. Huenda akakasirika kwa ajili ya pampu ya maji na asijali tabo hata kidogo. Yote hayo yana maumivu yake, lakini ni maumivu ya watu wawili ndani ya chumba kimoja.

Na hata ukiamua kutomwambia, harufu ya oili haijui siri.

Upande wa mama, nilipenda ulivyosema sharti lake hujawahi kulivunja. Fikiria basi ukifunga, na ikafungwa vizuri, gari litakuwa la namna gani siku ya kliniki. Ekzosi itapiga kelele, chini ya boneti patakuwa na joto zaidi, oili itataka kubadilishwa mapema zaidi, na foleni ya mchana si rafiki wa tabo. Breki ni zile zile za farasi 160 usipozigusa. Bima yako kama ni ile ndogo inalipa watu wa nje tu, na kama ni kubwa, kampuni ina haki ya kuambiwa kwamba injini imebadilishwa. Usipowaambia, siku ya ajali ndiyo siku watakayouliza. Wala sijataja vibao vya 50 na trafiki wetu waliojificha kwenye kivuli cha mwembe. Kwa upande mwingine, siwezi kusema gari la kumpeleka mgonjwa kliniki haliruhusiwi kuwa na furaha ndani yake. Wapo watu wenye gari la kazi na gari la mapenzi. Wewe una moja, na limebeba yote mawili, na huo ndio ugumu wako hasa.

Nimemwacha kaka mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyeandika barua hii, wewe ulishika kalamu tu.

Rudia maneno yake kama ulivyoyaandika: "Siku moja hii tutaifunga tabo." Hakusema nitaifunga. Hakusema utaifunga. Alisema tutaifunga, na alilisema mara nyingi mpaka likawa utani wenu, na alilisema hata wodini, ambako nyote wawili mlijua hakuna anayekwenda gereji. Mimi sikuwapo, wewe ulikuwapo, kwa hiyo nisahihishe nikikosea. Lakini mtu aliyelazwa akimwambia mdogo wake "tutaifunga," je, anaagiza kazi ifanywe, au anasema bado tuko wawili? Kama ni agizo, basi una deni, na madeni ya namna hiyo yanalipika kwa njia na kwa muda unaoweza. Kama ni ile nyingine, nashindwa kuona tabo itakavyoilipa, maana ile "tu" imepungua mtu mmoja na hakuna fundi wa kuichomelea.

Pengine ni vyote viwili. Mtu anaweza kutaka tabo kweli na wakati huo huo kukwambia anakupenda, wanaume wa kwetu ndivyo tulivyo, mapenzi tunayapitishia kwenye vyuma.

Na kuna kitu umeandika mara moja ukakipita: shemeji. Yule aliyeliita gari mke mwenza, aliyeridhia lije kwako. Umewahi kumweleza kuhusu hili? Inawezekana yeye anajua kuhusu tabo jambo ambalo wewe hulijui. Inawezekana kaka alishauliza bei, akapiga hesabu, akaiacha kwa sababu yake mwenyewe. Alikaa na gari hilo miaka yote ile bila kuifunga, na mimi ningependa kujua kwa nini. Labda pesa. Labda alipenda zaidi kulisema kuliko kulifanya. Kitambaa kile cha dashibodi, kiko wapi siku hizi? Unakitumia, au umekiweka mahali?

Sijakwambia funga na sijakwambia usifunge, na najua umeliona hilo na pengine umekasirika kidogo. Ukitaka jambo la kufanya Jumamosi hii ambalo halimfungi mtu mkono, peleka gari lipimwe kompresheni. Nenda siku ambayo mama hana kliniki, usimharakishe fundi, simama pale uangalie mshale wa kipimo ukipanda silinda moja baada ya nyingine. Ukirudi nyumbani na namba zako sita kwenye karatasi, itakubidi umweleze mtu ulikotoka, na kiroba kitakuwa bado pale chini ya kitanda. Hapo utaona mwenyewe mdomo wako unaanza na sentensi gani.

Niandikie zile namba. Na niandikie alivyosema shemeji.

Mjomba